"Kaka, umelala?"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mbezi na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni bodaboda, mwaka wa saba sasa. Nakuandikia usiku nikiwa nimekaa nje kwenye kiti cha plastiki, maana ndani nikiwasha simu mama watoto atauliza naandikiana na nani.

Pikipiki yangu ni ya mkataba. Mwenyewe ni mjomba, mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyenileta mjini. Tuliandikishana mbele ya mjumbe: natoa 10,000 kila siku, Jumapili ikiwemo, kwa miezi 14, kisha kadi ya pikipiki inakuja kwa jina langu. Mafuta, oili, tairi, faini, yote juu yangu. Siku nikishinda nyumbani, ile 10,000 inasogea kesho. Zimebaki wiki 9. Wiki 9 tu Shangazi, baada ya miaka yote ya kupeleka hesabu kwa watu.

Ili nipate ya mjomba na ya nyumbani, naamka saa 10 alfajiri. Nina wateja wa kudumu, akina mama wanaofuata ndizi Mabibo. Mchana nakaa kijiweni, jioni nabeba watu wanaotoka kazini, naendelea hadi saa 5 usiku. Nikishaoga na kula inakuwa saa 6. Nasukuma siku kwa kopo mbili za energy, na sikio moja naweka redio ili nisisinzie.

Sasa yaliyonikuta. Mwezi uliopita, Sinza, nilikuwa napita kushoto kwa daladala iliyosimama kwenye foleni. Hapakuwa kituoni. Konda akafungua mlango, abiria akaruka chini mbele yangu. Nilimkwepa, kioo cha pembeni kikapiga kwenye mlango, vipande vikaingia kwenye mkono wa koti. Nyumbani nilisema pikipiki iliangushwa kwenye maegesho.

Wiki mbili baadaye, Barabara ya Mandela, karibu na Tabata, lori la kontena lilikata kushoto kuingia yadi, na mimi nipo ubavuni mwake. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, tairi la nyuma likaserereka, nikaishia mtaroni bila jeraha. Watu walimtukana dereva. Mimi sikumtukana, kwa sababu baadaye nilikumbuka kwamba indiketa niliiona. Iliwaka machoni mwangu kabisa, ila haikuniingia akilini.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Alhamisi alfajiri nilikuwa nimembeba mama mmoja wa ndizi, tunashuka Barabara ya Morogoro. Nakumbuka tulipita kituo cha Korogwe. Kinachofuata kukumbuka ni kituo cha Kibo, yule mama ananigonga begani, ananiuliza, "Kaka, umelala?" Vituo vya katikati, Bucha, Baruti na Kona, sijui nilivipitaje. Nilimjibu nilikuwa nawaza. Hakusema kitu tena, ila alinishika kiuno hadi tunafika, na siku zote huwa anashika kitenga chake.

Mama watoto anajua la lori tu, aliambiwa na mtu wa kijiweni. Anasema nirudishe pikipiki ya watu, hataki kuja kunitambua MOI, hospitali ya mifupa. Kaka yake ana duka la vifaa vya ujenzi Kibaha, yuko tayari kunipa kazi ya kupakia mizigo kwa 7,000 kwa siku. Nikirudisha sasa, nilichokwisha kulipa kimekwenda, ndivyo mkataba ulivyo. Na mjomba nitamtazamaje?

Mimi si mlevi, sivuti bangi, na njia za mji huu nazijua kama kiganja changu. Naomba unishauri: nivumilie hizi wiki 9, au nirudishe? Na kama ni kuvumilia, kuna mbinu gani ya kukaa macho barabarani?

Dereva, Mbezi

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya watoto.

Kwanza nikuambie kwamba la Korogwe hadi Kibo ungeweza kuliacha. Ungeniandikia ya konda na ya lori, nami ningekupa pole na maneno mawili matatu kuhusu madereva wa Dar es Salaam. Lakini umeliandika, na umeandika pia kwamba indiketa uliiona. Watu wengi hilo la indiketa wangelificha hata kwao wenyewe. Kwa hiyo sina wasiwasi kwamba naongea na mtu asiyetaka kuona.

Nikikuelewa, jambo lako liko hivi. Mali uliyoihangaikia miaka iko karibu kuwa yako, na saa unazotumia kuifikia zimeanza kukutoa barabarani ukiwa umekaa juu ya hiyo mali. Mkeo anaona hatari moja kati ya tatu na tayari anataka mwisho. Mjomba haoni hata moja. Kwake hesabu inaingia kila siku, basi mambo ni mazuri. Katikati umekaa wewe peke yako na siri.

Umeandika "yaliyonikuta". Neno hilo limenikaa. Ni kweli kwamba barabara humkuta mtu. Mwaka 1981, Marekani, ulitoka uchunguzi uliosimamiwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyefuatilia ajali 900 za pikipiki Los Angeles. Pale gari na pikipiki zilipogongana, theluthi mbili ya makosa yalikuwa ya mwenye gari, na mara nyingi kisingizio kilikuwa kilekile unachokijua: sikumwona. Kwa hiyo mnaposema kijiweni kwamba wenye magari hawawaoni, hamtii chumvi. Ila uchunguzi huohuo ulisema jambo jingine. Kuanzia hatari inapojitokeza hadi kugongana, mwenye pikipiki alikuwa na chini ya sekunde 2 za kufanya lolote. Ukiwa kwenye mwendo wa 50, sekunde 2 ni mita karibu 28, yaani basi moja refu la mwendokasi na nusu ya jingine. Humo ndani uone, uelewe, uamue, mkono ufanye. Sinza mwili wako uliwahi. Tabata jicho liliona, akili ikachelewa. Alhamisi hakikutokea kitu chochote mbele yako, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu kama kingetokea usingekuwa na hata sekunde moja.

Unasema si mlevi, na nakuamini. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia waliwapima watu waliokesha, wakawalinganisha na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mkono na jicho lake vilifanya kazi kama vya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamzuia mtu kushika usukani. Wewe unaamka saa 10 alfajiri. Saa 17 zinatimia saa 3 usiku, na bado una saa mbili za kubeba watu. Tena wale walioanza kupimwa walikuwa wamelala usiku mzima. Wewe unaanza siku ukiwa na saa 4 za usingizi, na deni la usingizi la jana halifutwi na jua kuchomoza. Hapo ndipo Bucha na Baruti vilipokwenda. Ubongo uliochoka huzima sekunde chache macho yakiwa wazi, mikono ikiwa imeshika usukani, na mwenyewe hana habari. Usingizi wa namna hiyo haubishi hodi.

Ndiyo maana ile energy sina imani nayo sana. Inaazima. Inakuchangamsha saa mbili tatu, na ukiinywa jioni inakula hata zile saa 4 ulizobakiza. Redio nayo imelichukua sikio ambalo lingesikia pikipiki nyingine inakuja nyuma, au honi ya lori. Kinacholipa usingizi ni usingizi. Hata dakika 20 za mchana, pikipiki imefungwa na umeketi kivulini mgongo umeegemea ukuta, zinasaidia kuliko kopo. Najua mtalala juu ya tangi pale kijiweni, nimewaona. Si vibaya. Ila ukiamka usiondoke hapohapo na abiria. Nawa uso, tembea kidogo, kichwa kirudi.

Kuhusu kuijua njia kama kiganja, mwanangu, nakuuliza tu: hivi si kwa sababu unaijua ndiyo maana uliweza kuipita bila kuwepo? Mtu mgeni Ubungo hasinzii. Anahangaika na kila kibao. Mwenyeji mwili unampeleka.

Barua yako nilimsomea mzee mmoja aliyefundisha udereva wa pikipiki miaka mingi, bila kumwambia inatoka wapi. Nilidhani atauliza la usingizi. Yeye akanisimamisha kwenye lori: "Hapo, rudia. Alikanyaga breki?" Nikarudia. Akasema, "Basi alitumia ya mguu peke yake." Akanieleza kwamba pikipiki inapopunguza mwendo uzito wote unakwenda mbele, kwa hiyo breki ya mkono wa kulia ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, na ile ya nyuma ikikanyagwa peke yake kwa hofu tairi linafunga na kuteleza, kama lako lilivyofanya. Vijana wengi wanaiogopa ya mbele kwa hadithi za kubinuka. Inabinua au inateleza ukiifinya kwa ghafla kama unakamua ndimu. Ukiibana polepole kisha ukaongeza, huku mguu ukisaidia, inakushika. Ushauri wake ni kwamba ukaijaribu asubuhi ya Jumapili kwenye uwanja mtupu, mara ishirini, mwendo mdogo kwanza, mpaka vidole viache kuogopa. Na kwenye foleni vidole viwili vikae juu ya breki hiyo muda wote. Huko Los Angeles nako waliligundua hilohilo: wengi waliganda, au walikanyaga ya nyuma na kuisahau ya mbele.

Alisema na mengine, nakupa yale yaliyonigusa. Usiamini indiketa, tazama tairi la mbele la gari. Likianza kukunja, dereva ameshaamua, taa iwake isiwake. Lori usikae ubavuni mwake kamwe, hasa kushoto: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni, na anapokata kona tela haifuati njia ya kichwa, inakuja ndani, juu yako. Ama ubaki nyuma, ama upite kabisa. Daladala iliyosimama, popote iliposimama, ihesabu kuwa mlango wake wa kushoto tayari umefunguka. Na kitu unachokikwepa usikikazie macho, tazama pale unapotaka kupita, kwa sababu pikipiki hufuata macho. Mvua ikianza tu, kabla haijaosha vumbi na oili, lami huteleza kuliko baadaye, na mistari ile mieupe zaidi.

Nayaandika haya kwa sababu umeyaomba, na yana faida. Lakini kila moja linahitaji mtu aliye macho wa kulifanya. Mbinu hazikusaidii Baruti kama Baruti haupo.

Sasa turudi kwenye wiki 9. Umenipa njia mbili, kuvumilia au kurudisha, kana kwamba mkataba ni ukuta. Mkataba huu uliandikwa na mjomba wako mbele ya mjumbe. Hebu tuangalie namba zenyewe. Wiki 9 kwa 70,000 ni 630,000. Hiyo ndiyo deni lililobaki, si zaidi. Kama mjomba angekubali 50,000 kwa wiki, zingekuwa wiki 13 badala ya 9. Wiki 4 tu zaidi, na kila wiki unabakiwa na 20,000 ambayo sasa unaifukuzia usiku. Sijui atasema nini. Anaweza kukataa, anaweza kukuona mvivu, anaweza hata kuanza kuitazama pikipiki yake kwa wasiwasi na kukusimanga. Wapo wajomba wa namna hiyo. Lakini kuna jambo ambalo pengine hujalifikiria: pikipiki ikiingia chini ya tela, na yeye anapoteza. Ukienda kwake usiende na malalamiko ya uchovu, nenda na hizo namba kwenye karatasi, ikibidi na mama yako akae pembeni, maana ni kaka na dada wale. Na chochote mtakachokubaliana kiandikwe, mjumbe yuleyule awepo.

Njia nyingine ni kumpa deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa muda, pikipiki saa za jioni, akuletee kidogo, wewe ulale mapema. Wenzako wengi wanafanya. Hatari yake unaijua kuliko mimi: akipiga mzinga, yaani akipata ajali, jina kwenye mkataba ni lako. Kama mkataba unakataza, usimfiche mjomba.

Kurudisha pia ni njia, na usimwone mkeo kuwa anakuvunja moyo. Elfu saba ya Kibaha ni ndogo, lakini ni elfu saba yenye usiku. Ubaya wake ni kwamba utapakia simenti ukiwaza pikipiki iliyobakiza wiki 9, na uchungu wa namna hiyo huingia ndani ya nyumba. Tena kupakia mizigo nako kunataka mwili uliolala. Kabla hujaamua, pengine shemeji anaweza kukupokea kwa siku mbili za wiki tu, halafu usiku uupumzishe. Sijui, muulize.

Na kabla ya hayo yote nina ombi moja dogo. Chukua daftari la mtoto, wiki mbili uandike kila safari: saa ngapi, shilingi ngapi, mafuta kiasi gani. Halafu piga mstari kwenye saa 3 usiku, uone chini ya mstari kumebaki nini. Huenda nikawa nimekosea, huenda usiku ndio unaokulisha. Ila nimewahi kukaa na mtoto wa dada yangu, dereva kama wewe, tukafanya hivyohivyo, tukakuta baada ya saa 3 anazunguka sana kutafuta abiria mmoja mmoja na kupata 5,000 kasoro mafuta. Yeye alikasirika na daftari, si na mimi. Kwa wiki hizi mbili ukiweza anza kulala saa 4, hata kama hesabu ya mjomba itapungua siku moja moja. Na siku ukijikuta unapiga miayo mfululizo, au umepita kituo ukasahau kwamba umekipita, paki. Mteja mwambie pikipiki ina hitilafu, atapata nyingine.

Kuhusu mama watoto. Ulimwambia kioo kiliangukia kwenye maegesho, na la lori akalisikia kwa mtu wa kijiweni. Mimi ningekuwa yeye, ningekuwa najiuliza kuna mangapi mengine. Huenda ile "rudisha pikipiki" ni sauti ya mtu asiyeambiwa. Akijua yote matatu anaweza kuzidi kuogopa, sikufichi, na siku mbili tatu nyumbani kutakuwa kugumu. Anaweza pia kuwa ndiye atakayekwenda na wewe kwa mjomba. Wanawake wanajua kuongea na mashemeji na wajomba kwa namna ambayo ninyi hamuiwezi.

Niseme na la kwetu abiria, maana sisi si malaika. Nikichelewa, mimi ndiye wa kwanza kusema "kanyaga baba, nimechelewa". Nimewahi kupanda mshikaki, abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki moja, nikiwa mtu mzima na heshima zangu. Kofia ngumu nikipewa naitazama kwanza kama ina jasho la mtu, halafu naiweka mapajani. Tangu nisome barua yako naivaa, na kamba naifunga. Wewe hukuniambia kama yule mama wa ndizi alikuwa amevaa. Kama unabeba kofia moja, ya pili itafute wiki hii, kabla hata ya kioo.

Na huyo mama, kama bado anakungoja alfajiri, alikuuliza swali ukamjibu kwamba ulikuwa unawaza. Ana haki ya kuchagua kama atapanda tena. Nadhani ukimwambia atapanda, lakini atakugonga begani kila mkifika Bucha.

Niandikie daftari likijaa.

Shangazi yako